DHIKI NI WEMBAMBA, FARAJA NI UPENYO: SOMO LA KISWAHILI KATIKA HALI NGUMU

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeombwa na wenzangu niandike somo la gazeti letu. Nimeona ngeli na viambishi tuwaachie walimu wetu, ambao hutufunza hayo kila kukicha. Mimi nitaandika juu ya jambo lililo kinywani mwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo: hali ngumu ya maisha.

Simama kwenye kituo cha matatu, keti kwa kinyozi, au msindikize mama sokoni siku ya soko. Maneno utakayosikia ni yale yale. "Maisha yamepanda." "Pesa imepotea." "Tunasukuma siku tu." Hapa shuleni nako, kila muhula ukishika kasi, utaona madawati kadha yamebaki wazi. Wenyewe wametumwa nyumbani kuleta karo. Wengine hurudi baada ya siku mbili, wengine baada ya wiki tatu, na wako wale ambao, ni uchungu kusema, hatuwaoni tena.

Huenda ukauliza, "Sasa Kiswahili kinaingilia wapi hapo?" Swali zuri. Lugha ni ghala. Waliotutangulia walipitia ukame, njaa na bei za kukata maini, na kila walipopita waliacha neno, methali au desturi ili sisi tusianze upya. Tufungue ghala hilo tuone mna nini.

1. MANENO YENYEWE

Tuanze na methali ambayo kila mtoto wa darasa la nne anaijua: Baada ya dhiki faraja. Tumeikariri hadi haina ladha tena. Lakini hebu tuyachunguze maneno mawili yaliyomo. Yote mawili yalitoka Kiarabu. Dhiki asili yake ni wembamba, mahali palipobana, kama kichochoro ambacho mtu hupita kwa ubavu. Faraja nayo imetoka kwenye mzizi wenye maana ya kufunguka, kuwa na upenyo au mwanya. Kwa hivyo methali hiyo inasema kwamba mtu aliyebanwa atafikia mahali palipofunguka. Ni picha ya mtu anayetembea. Anayekaa kitako katikati ya kichochoro hafiki popote.

Neno la pili ni kustahimili. Mzizi wake Kiarabuni una maana ya kubeba, na ndio mzizi uliotupa neno hamali, yule mtu wa kubeba mizigo bandarini na sokoni. Sasa mtazame hamali kazini. Hajilazimishi kuubeba mzigo wote wa lori mara moja. Huchukua gunia moja, akaliweka vizuri begani, akalipeleka, akarudi kwa jingine. Na gunia likimzidi, humwita mwenzake. Basi kustahimili ni ufundi wa kubeba, na ufundi huo una mpango wake.

La tatu ni tumaini. Hili nalo lilitoka Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya kutulia moyo, kuwa na uhakika. Kwa hiyo mwenye matumaini ni yule aliyetulia kiasi cha kuweza kufikiri. Mtu mwenye wahaka hawezi kupanga lolote. Atauza mbuzi leo kwa bei ya kuku, na kesho ajute.

La nne ni la wanauchumi: mfumuko wa bei. Kitenzi chake ni kufumuka, kama mshono wa nguo unavyofumuka. Ukivuta uzi mmoja, mwingine hufuata. Mafuta ya petroli yakipanda, nauli hupanda; nauli ikipanda, sukuma wiki hupanda; sukuma wiki ikipanda, mwenye kibanda cha chakula hupunguza kipimo kwenye sahani. Hakuna neno linaloeleza jambo hilo vizuri kuliko hilo letu.

2. MAJINA YA NJAA

Wazee wetu hawakuandika vitabu vya historia, ila walikuwa na desturi ya kuipa kila njaa jina. Jina lilikuwa ndilo kumbukumbu na ndilo onyo.

Wakikuyu waliiita njaa ya mwaka 1943 Mianga, yaani mihogo, kwa kuwa hicho ndicho chakula ambacho watu walitegemea wakati huo. Jina hilo lina somo. Muhogo ni zao linalovumilia ukame ambao mahindi hayawezi. Mwenye shamba dogo akiacha pembe moja ya muhogo au mtama, ana mahali pa kuangukia mvua ikikosa.

Wakamba nao waliiita njaa iliyowapata miaka ya mwanzo ya 1980 Nikwa Ngwete. Maana yake ni "nafa huku nimeshika", yaani nafa na pesa zikiwa mkononi. Watu walikuwa na noti lakini madukani hamkuwa na chakula cha kununua. Soma jina hilo mara mbili, ndugu yangu. Linatufunza kuwa akiba si pesa peke yake. Gunia la mahindi ghalani, kuku watatu na mti wa maembe uani ni akiba pia.

Huko Nyanza na magharibi mwa Kenya, miaka hiyo hiyo lilizagaa jina gorogoro, yaani mkebe wa kupimia mahindi, wa kama kilo mbili. Mikebe hiyo ilikuwa ya mafuta ya kupikia, na ndiyo maana kwingine huitwa kasuku. Kabla ya hapo, mkulima alizoea kuhesabu mahindi kwa magunia. Alipoanza kununua kwa mkebe, ilionyesha kuwa mambo yamebana. Ukiwaza, utaona kuwa gorogoro ni ndugu yake kibaba, kile kipimo cha zamani cha pwani ambacho vinne vyake vilifanya pishi moja. Ndicho kibaba cha Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ilitungwa na watu waliopima nafaka kidogo kidogo, kama tunavyopima sisi leo.

3. MWAKA WA 1993 NA HESABU YA KIKAPU

Wazazi wetu wengi wanaukumbuka mwaka 1993. Yaliyoutangulia yalikuwa mengi. Mwezi wa Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris na kusimamisha misaada yao kwa Kenya. Mwaka 1992 mvua ilikuwa haba, na mwaka huo huo kulikuwa na uchaguzi mkuu wa vyama vingi, ambapo pesa nyingi zilimwagwa. Kashfa ya Goldenberg, ya biashara ya dhahabu hewa, nayo ilikamua hazina ya umma. Pesa zikiwa nyingi na bidhaa zikiwa zile zile au chache zaidi, bei hazina budi kupanda. Mwaka 1990 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 23. Kufikia mwisho wa 1993 ilikuwa imepita shilingi 60.

Mfumuko wa bei mwaka 1993 ulifika asilimia 46 hivi. Tuifanye hesabu hiyo iwe nyepesi. Chukua kikapu cha vitu vya nyumbani kilichogharimu shilingi 100 mwaka 1992. Mwaka 1993 kikapu hicho hicho kilitaka kama shilingi 146. Mwaka 1994 mfumuko ulikuwa kama asilimia 29, na kikapu kikafika karibu shilingi 188. Mwaka 1995 mfumuko ulishuka chini ya asilimia 2, na kikapu kikawa kama shilingi 191.

Hapa pana mambo mawili ya kushika. La kwanza linatia moyo: kutoka 46 hadi chini ya 2 ilichukua miaka miwili. Hakuna marefu yasiyo na ncha. La pili ni la kutuzindua. Mfumuko ulipungua, lakini kikapu hakikurudi shilingi 100. Bei ziliacha tu kukimbia. Kwa hiyo redioni wakitangaza kuwa mfumuko umeshuka na mama bado analalamika, wote wawili wanasema kweli. Mwenye kungoja bei za zamani zirudi atangoja sana. Heri atafute njia ya kuongeza kipato au kupunguza matumizi.

Mambo hayo yamerudi kwa sura nyingine katika siku zetu. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200, na Oktoba mwaka huo mfumuko ulifika asilimia 9.6. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, kisha katika mwaka huo huo ikashuka hadi kama 129. Waliokuwa wamekata tamaa mwezi wa Januari hawakuyatazamia hayo.

4. METHALI: DAWA AU USINGIZI?

Wengine husema methali ni maneno ya kuwabembeleza maskini walale. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Kama mtu ana shibe naye akamwambia mwenye njaa, "Subira yavuta heri", hilo ni tusi lililovishwa kanzu. Methali haina budi kusemwa na mtu anayeshika upande mmoja wa mzigo.

Isitoshe, wahenga wenyewe hawakuficha ukweli. Walisema Mkono mtupu haulambwi. Walisema Dau la mnyonge haliendi joshi. Walijua vyema kuwa dunia si sawa. Lakini hawakuishia hapo. Ukizipanga methali za hali ngumu, utaona zinaingia katika makundi manne, na kila kundi ni kazi ya kufanya.

(a) Za kuweka: Akiba haiozi, Haba na haba hujaza kibaba.
(b) Za kuandika na kuchunga: Mali bila daftari hupotea bila habari, Chovya chovya humaliza buyu la asali, Usipoziba ufa utajenga ukuta.
(c) Za kutafuta: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Mchumia juani hulia kivulini.
(d) Za kushikana: Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kisha ndipo huja zile za kutuliza moyo, kama Mvumilivu hula mbivu. Ninavyoona mimi, mtu anayezikariri hizi za mwisho bila zile za kwanza ni kama aliyepika ugali bila unga. Atakoroga maji hadi asubuhi.

5. WATU WA JUA KALI

Kundi la (c) halihitaji mfano wa mbali. Jina jua kali lilitokana na mafundi waliofanya kazi nje, bila kivuli, wakigonga mabati na vyuma. Kwa muda mrefu walifukuzwa na askari wa baraza la mji kama waharibifu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoueneza ulimwenguni msemo wa sekta isiyo rasmi. Wataalamu waliona kuwa watu hao hawakuwa wazururaji; walikuwa wazalishaji. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na baadaye vibanda vya kivuli vikajengwa sehemu mbalimbali. Leo zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini wamo katika sekta hiyo.

Tazama jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani. Lilisanifiwa kwa ajili ya Kenya miaka ya mwanzo ya 1980, kwa kuchukua wazo la jiko la Thailand na kulitia katika mikono ya mafundi wa hapa. Udongo hushika joto, kwa hivyo makaa hayaishi upesi. Fundi alipata kazi, na mama alipunguziwa gharama. Hiyo ndiyo kugaagaa na upwa.

Ila tusipake rangi. Kazi ya jua kali mara nyingi haina likizo, haina malipo ya uzeeni, na mvua ikinyesha siku imeharibika. Tunaisifu kwa uhodari wa watu wake, na bado tuna haki ya kutaka ipewe njia nzuri zaidi.

6. CHAMA: HESABU YA KIDOLE KIMOJA NA CHAWA

Sasa tuingie kundi la (d). Karibu kila mama hapa kwetu yumo katika chama. Wengi tunakiona kama mkutano wa chai na mandazi. Hebu tufanye hesabu.

Tuseme wanachama ni 12, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kila mwezi. Kila mwezi mkusanyo ni shilingi 6,000, na mtu mmoja huzichukua zote. Baada ya mwaka, kila mmoja ametoa 6,000 na kupokea 6,000. Msomaji mwerevu atasema, "Basi hakuna faida!" Ipo, sana. Aliyepokea mwezi wa kwanza amepata mkopo usio na riba. Aliyepokea mwezi wa mwisho ameweka akiba ambayo peke yake angeichovya chovya. Na mwenye mtoto wa sekondari anaweza kuomba zamu yake iangukie mwezi wa kufungua shule. Shilingi 500 mfukoni ni rahisi kuisha. 6,000 kwa mara moja hununua sare, au hulipa sehemu ya karo, au huanzisha kibanda cha mboga.

Linganisha na mkopo wa haraka wa simu. Tuseme umekopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mia moja, mtu huona si kitu. Lakini ukilipa riba tu kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa 1,200, na ile 1,000 bado unadaiwa. Hapo umefumuka mshono.

Chama chema kina alama zake: daftari linalosomwa mbele ya wote, faini ndogo kwa mchelewaji, zamu zilizopangwa mapema, na watu wanaojuana. Jihadhari na kile kinachoahidi utoe 1,000 upewe 5,000. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza pesa zao katika mipango ya upatu wa namna hiyo. Katika chama cha kweli, 12 mara 500 ni 6,000, wala haiwi 30,000. Ukiambiwa imekuwa 30,000, uliza imetoka kwa nani.

Na kununua kadogo je? Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, na robo kilo ni 45. Anayenunua robo nne hulipa 180. Maskini hulipa zaidi kwa sababu tu hana 160 kwa wakati mmoja. Tusimcheke, kwani hana njia nyingine akiwa peke yake. Majirani wanne wakichanga 40 kila mmoja, wananunua kilo na kugawana, na kila mmoja ameokoa shilingi 5. Ni kidogo, naam. Kibaba hujazwa hivyo.

7. NA SISI WANAFUNZI?

Sisi hatuna mshahara, lakini tunayo mambo ya kufanya.

Kwanza, tuondoe aibu ya karo. Wako wenzetu ambao wakitumwa nyumbani husema wanaenda hospitali. Kukosa karo si kosa la mtoto, wala mara nyingi si kosa la mzazi. Tukiwacheka, tunawafunza kuficha, na anayeficha hasaidiki.

Pili, mwenzetu akiwa nyumbani, madaftari yetu yasilale. Wanafunzi wanne wakigawana masomo, kila mmoja akamwandikia masomo mawili, atarudi akiwa hajaachwa nyuma. Hilo halihitaji senti.

Tatu, tuwaambie wazazi ukweli juu ya mahitaji. Anayeomba pesa za safari isiyokuwepo anakata kamba ambayo mama yake anaivuta.

Nne, tuulize mapema. Fomu za basari zina tarehe ya mwisho. Mzazi anaweza pia kuja kuzungumza na mwalimu mkuu na kuandika jinsi atakavyolipa kidogo kidogo. Anayekuja mapema husikilizwa kuliko anayefukuzwa ndipo aje. Tukumbuke pia kuwa milango imewahi kufunguliwa: mwaka 2003 karo ya shule za msingi za umma iliondolewa, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia karo ya masomo katika sekondari za umma. Miaka michache kabla ya hapo, wengi walidhani haitawezekana.

HITIMISHO

Tumeona kuwa dhiki ni mahali pembamba na faraja ni upenyo. Upenyo huo hautangazwi redioni. Hupatikana kwa anayetembea, tena hupatikana upesi kwa wanaotembea wakishikana mikono, wa mbele akimwambia wa nyuma palipo na jiwe. Ewe uliye nyumbani leo kwa sababu ya karo, gazeti hili likikufikia, jua kuwa dawati lako liko, na madaftari yako yanaandikwa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kusubiri na kustahimili. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Waulize wazee wa kwenu njaa moja waliyoipa jina. Jina hilo lina maana gani, nalo linafunza nini?
3. Kikapu kiligharimu shilingi 200 mwaka jana, na mfumuko wa bei ni asilimia 5. Kitagharimu kiasi gani mwaka huu? Mwaka ujao mfumuko ukishuka hadi asilimia 2, bei itapanda au itashuka? Eleza.
4. Chama kina watu 15, kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki. Kila zamu ni shilingi ngapi, na mzunguko mmoja huchukua wiki ngapi?
5. Taja methali moja ambayo hudhani inafaa kuambiwa mtu mwenye njaa. Toa sababu, kisha taja ile ambayo ungemwambia wewe, na kitendo ambacho ungekiambatanisha nayo.

Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama cha Kiswahili. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Kwaheri ya kuonana.